Herufi Mbili Juu ya Kitanda cha Baba

Upepo ulipovuma kutoka upande wa kiwanda cha bia, Baba Dogo nzima ilinuka kimea. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, kama uji wa wimbi uliosahauliwa motoni mpaka ukashika chini ya sufuria. Mtaa wetu ulikuwa na harufu nyingine nyingi za kushindana nayo, maana tulizungukwa na karakana na viwanda: mpira uliochomwa, rangi, chuma kilichotoka kukatwa, na mtaro uliopita nyuma ya ploti yetu ukiwa na rangi ya chochote kilichotengenezwa siku hiyo. Lakini kimea kilizishinda zote. Kiliingia chumbani bila kubisha hodi, kikakaa kwenye nguo zilizoanikwa, kikalala nasi. Mama alikuwa akifunga dirisha na kusema, "Hata hewa ya huku imelewa." Mimi, Nekesa, nilikuwa darasa la tano na tayari nilikuwa na jicho la biashara. Niliona tu kwamba tulikuwa tunapewa bure kitu ambacho baba alikuwa akikinunua kila siku, na sikuelewa kwa nini asivute pumzi kwa nguvu akaokoa pesa zake.

Baba yangu, Wafula, alikuwa fundi wa maandishi. Hakuwa mtu wa mabango ya maduka. Yeye alikuwa mtu wa milango ya malori. Sheria ilitaka kila lori liandikwe mlangoni jina la mwenyewe, anwani yake na uzito wa gari, na baba ndiye aliyeyaandika hayo, kando ya ukuta wa karakana moja ambako malori yalipanga foleni yakisubiri kufungwa springi. Alipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, akaegemeza mkono wa kulia kwenye fimbo yenye kitambaa kichwani, kisha brashi ikaanza kuteremka. Herufi zake zilisimama kama askari wa gwaride. Madereva walikuwa wakisema lori lililoandikwa na Wafula halisumbuliwi na polisi, kwa sababu polisi huogopa mtu aliyenyooka.

Malipo yalikuwa kwa herufi. Hapo ndipo nilipoingia mimi, baada ya shule na siku za likizo, kushika makopo ya rangi na kupatana na wateja, maana baba alikuwa na aibu ya pesa na mimi sikuwa nayo. Mteja alikuwa akifika na jina refu kama treni ya Kisumu, akisikia bei anaanza kulikata mabehewa. Limited ikawa Ltd. Brothers ikawa Bros. Company ikawa Co. Mimi nilisimama imara kwenye nukta: "Ukitaka kufupisha, mzee, fupisha, lakini nukta nayo ni rangi." Baba aligeuka pembeni akicheka kimya kimya. Nilijifunza mapema kwamba neno likikatwa, kuna mtu ameokoa gharama, na kuna mtu mwingine, huko barabarani, ameachiwa kazi ya kukisia maana.

Mkono huo wa baba, ambao mchana haukukosea hata unywele, asubuhi haukuweza kushika kikombe cha chai. Sisi tulizoea. Chai yake ilitiwa nusu kikombe ili isimwagike. Alikunywa akiwa ameinama, akikifuata kikombe kwa mdomo, badala ya kikombe kumfuata yeye. Halafu alitoka, akapita kwa mama pima nyuma ya ploti ya tatu, akapewa glasi ya kwanza ya chang'aa, na akija kazini mkono ulikuwa umetulia. Mtaani walikuita huko kutoa loki. Kila mnywaji wa Baba Dogo alijua: usingizi hufunga mwili kama kufuli, na ufunguo uko mahali pale pale ulipouacha jana. Wasiokunywa walisema hicho ni kisingizio cha mlevi. Mimi nilikuwa upande wa wasiokunywa, kwa sababu nilikuwa mtoto wa mama.

Sitaki kumsafisha baba kwa kuwa amekufa. Hakuwa mlevi wa kupiga watu, hilo nakiri. Lakini alitulaza bila mboga mara nyingi, alianguka mtaroni akaletwa nyumbani kwa mkokoteni wa maji, na kuna mwaka ambao sare yangu ya shule iliishia kwa mama pima. Mama aliuza githeri kwenye lango la kiwanda, akarudi na moshi kichwani, akakuta mume amelala na viatu. Ndipo alipoanza kwenda kwenye ushirika wa kina mama wa uamsho, waliokutana kila Alhamisi kwa Mama Wanjiru. Mama Wanjiru alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mkubwa wa mwili na wa moyo, mtu wa Murang'a, ambaye mtoto wa mtu yeyote akiugua alikuwa wa kwanza kufika na supu. Nalisema hili kwa sababu nataka nimpime kwa mizani ya haki. Mumewe, Baba Wanjiru, alikuwa mzee wa kanisa.

Ushirika huo ulikuwa na dawa yake ya walevi, na dawa yenyewe ilikuwa suruali. Mwanamume aliyekubali kuokolewa alikabidhi suruali zake zote pamoja na viatu, vikafungiwa kwenye sanduku la bati kwa Mama Wanjiru. Yeye akabaki ndani amejifunga leso ya mkewe, kina mama wakapokezana zamu za kuomba na kuimba mlangoni. Hakuna mwanamume wa Baba Dogo, hata awe na kiu ya namna gani, aliyekuwa tayari kuonekana kwa mama pima amevaa leso yenye maua na methali. Dawa ilikuwa na ushahidi. Kulikuwa na baba mmoja wa ploti ya mbele aliyefungiwa hivyo, akatoka mzima, akafungua kibanda cha maziwa, na kila Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Ila mtu huyo alikuwa akinywa mwisho wa mwezi tu, siku mbili tatu, pesa zikiisha anaacha mwenyewe. Leo ndipo naona. Dawa iliyomponya mwenye mafua ndiyo waliyompa mwenye kifua kikuu.

Ilikuwa likizo ya Agosti, ule mwezi wa baridi na mawingu ambapo rangi haikauki upesi. Mama alimwambia baba kwamba shule zikifunguliwa atanichukua mimi na mdogo wangu, aturudishe Bungoma kwa nyanya. Hakupiga kelele. Baba alikaa kitako kitandani akatazama mikono yake kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia vifaa vya kazi vilivyoanza kuisha. Kisha akasema, "Basi niitie Mama Wanjiru." Watu husimulia hadithi hii kana kwamba alikamatwa. Hapana. Alizikunja suruali zake mwenyewe, mbili, ya kazi na ya kanisani, akafuata mikunjo ya pasi, akaziweka mikononi mwa Mama Wanjiru kama mtu anayetoa sadaka.

"Bwana asifiwe, Baba Nekesa," akasema Mama Wanjiru.

"Asifiwe. Ila hiyo ya kahawia mfuko umetoboka, msije mkaniambia niliacha pesa humo."

Wote walicheka, hata mama. Ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mdogo wangu azaliwe.

Jumamosi alitetemeka. Si kama kila asubuhi. Huku kulianzia vidoleni kukapanda mpaka kidevuni, meno yakagongana, jasho likamtoka katika baridi ile ya Agosti hata godoro likalowa. Chakula kilimrudi. Mama aliogopa, akasema labda tumpeleke zahanati. Mama Wanjiru alimshika mabega. "Mama Nekesa, usiwe mwepesi wa moyo. Huoni? Pepo anafungasha virago. Mwenye nyumba akifukuzwa atatoka bila kuvunja vyombo?" Akaongeza ile methali ya kuwafunga midomo akina mama wote: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Kwa hiyo baba alivyozidi kutetemeka ndivyo nyimbo zilivyozidi kupanda. Walipiga makofi. Kila mtikisiko wa mwili wake ulipokewa kama habari njema. Nami nilipiga makofi pamoja nao, kwa bidii, maana nilitaka sana tusirudi Bungoma.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, alikuja Anko Oti. Otieno alikuwa mshona viatu pale karakana, rafiki wa baba wa glasi na wa kazi, mwembamba kama sindano yake, na hata siku hiyo hakuwa mkavu. Alisimama mbele ya dirisha letu, kofia mkononi.

"Shemeji," akamwambia mama, "nasikia mmemfungia."

"Ameokoka, Otieno. Usije ukamharibia."

"Sikatai wokovu. Hata mimi nitaokoka, nimepanga. Lakini shemeji, mtu wa kila siku hakatiwi hivyo. Mpe hata kifuniko cha chupa, atoe loki. Ama mpeleke hospitali. Nilimwona mtu kule reli, aliwekwa selo siku kadhaa, akatoka akiwa maiti. Dawa ya moto ni moto, shemeji!"

"Ashindwe!" akapaza sauti Mama Wanjiru kutoka ndani. "Wewe Otieno, shetani amekosa mjumbe mwenye meno mpaka akutume wewe?"

Kina mama waliangua kicheko. Anko Oti alikuwa na mapengo mawili mbele, na kila mtu alijua. Alijaribu kusema tena, wimbo ukaanza, ukamfunika. Alirudi nyuma hatua kwa hatua akisema "mtamuua, mtamuua," na watoto wa ploti wakamwiga wakimfuata mpaka barabarani: "Mtamuua! Mtamuua!" Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha la kufanya siku ambayo neno la kweli linakuja mdomoni mwa mlevi, likinuka chang'aa.

Jumatatu baba aliona malori. Kwanza ilikuwa ukuta: aliupangusa kwa viganja, akisema herufi zinateremka, nani amechanganya rangi na maji. Kisha akaanza kuandika hewani. Mkono ulitetemeka lakini macho yalifuata mstari ambao yeye pekee aliuona, na aliponiona nimesimama katikati ya chumba uso wake ulibadilika. Aliruka kutoka kitandani, leso ikamdondoka nusu, akanikumbatia na kunivuta kwa nguvu mpaka tukagonga kabati. "Toka! Linarudi nyuma! Dereva hakuoni!" Alinifunika kwa mwili wake kwenye kona, akampigia kelele dereva ambaye hakuwepo. Moyo wake ulikuwa ukidunda mgongoni mwangu kama mashine ya karakana. Mwili wake ulikuwa wa moto. Nje ya mlango walikuwa wakiimba kwamba giza limekimbia.

Kisha akakakamaa. Alianguka na kuanza kurusha mikono na miguu, povu lenye damu likimtoka mdomoni, na mama hakungoja tena kibali cha mtu. Alitoka kichwa wazi mpaka barabarani, akasimama mbele ya lori la kwanza. Dereva alifunga breki akatukana, kisha akamtambua mke wa Wafula. Mlango wa lori lake ulikuwa na maandishi ya baba. Wanaume wanne walimbeba baba. Mama alimkimbilia Mama Wanjiru kuomba suruali, lakini ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa Baba Wanjiru, na Baba Wanjiru alikuwa kazini. Hivyo fundi wa maandishi, aliyekuwa akipiga pasi hata suruali ya kazi, alivushwa jiji mchana kweupe nyuma ya lori la kokoto akiwa amevaa leso ya mkewe.

Hospitali kubwa ya serikali ilimpokea, siwezi kusema uongo. Walimfunga mikono na bendeji kwenye vyuma vya kitanda, wakamtia maji ya dripu na sindano ya kumtuliza. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, wengine wakilala wawili wawili. Daktari kijana alifika na wenzake, akasimama kwenye miguu ya baba, akasema, "DT." Mwingine akauliza kwa Kiingereza ni tangu lini, akajibiwa, wakatikisa vichwa, wakaenda kitanda kingine. Baadaye muuguzi wa zamu ya kutoka alimwambia wa zamu ya kuingia, "Chunga yule DT wa kona, atang'oa dripu." Mhudumu wa chakula naye akauliza kama DT anakula. Kufikia jioni baba hakuwa na jina lingine. Mama alikaa kwenye benchi mikono mapajani, kila herufi hizo zikitajwa anainua kichwa, akidhani anaitwa.

Mimi nilikuwa binti wa mtu wa malipo kwa herufi. Nilijua jina refu haliwi fupi lenyewe. Nikamfuata muuguzi mmoja wa makamo, mwenye Kiswahili cha pwani na miguu iliyovimba, aliyekuwa akipanga vyombo kwenye trei.

"Sista, shikamoo. Hizo herufi za baba yangu ni za nini?"

"Marahaba. Ni za ugonjwa wake."

"Ugonjwa gani?"

"Mwanangu, nenda kakae na mamako. Nina kazi."

"Nitaenda. Niambie D peke yake. T nitakuja kuiuliza kesho."

Alinitazama, akajaribu kukasirika, akashindwa. Akafuta mikono, akaja mpaka kwenye benchi, akakaa kati yangu na mama. Alisema D ni delirium na T ni tremens, maneno ya Kilatini, maana yake mtu kupayuka na kuona visivyokuwepo huku anatetemeka. Nikamuuliza mbona wasiseme hivyo. Akasema ni marefu, na wagonjwa ni wengi. Kilatini! Lugha ambayo hakuna mtu wa Baba Dogo aliyewahi kuisema, na mapadri wenyewe walikuwa wameiacha, ndiyo iliyokuwa imekalia jina la baba yangu.

"Na inaletwa na pombe," akasema mama. Hakuwa anauliza. Ilikuwa ndiyo hoja yake ya miaka yote.

"Inaletwa na kuacha pombe, dada."

Mama aligeuka polepole.

"Kuacha kwa ghafla," akasema yule Sista. "Kwa mtu aliyekunywa kila siku, miaka. Mwili umezoea kusukumana na pombe, kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa upande wa pili. Ukiuachia ghafla, anaanguka kifudifudi. Mtu wa hivyo huletwa hapa mapema, akapewa dawa, akateremshwa taratibu. Wengi hupona. Mumeo alianza lini kutetemeka?"

"Jumamosi."

Sista aliinama akasugua miguu yake. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kulisema neno hilo bila kulitupa. "Kule kutetemeka ndiko kulikokuwa kunawaambia mje," akasema.

Sijawahi kuuona uso wa mama kama ulivyokuwa pale. Kutetemeka ndiko tulikokupigia makofi.

Kesho yake asubuhi baba alitulia. Macho yalimrudia, akamtambua mama, akanitambua mimi, akaangalia bendeji mikononi mwake bila kuuliza. Akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Suruali yangu iko wapi? Siwezi kutoka hivi." Mama alimwambia iko nyumbani, imepigwa pasi. Alionekana kuridhika. Tulidhani ameshavuka. Lakini homa ilipanda tena adhuhuri, moyo ukachoka, na kabla ya saa ya kuonana na wagonjwa kwisha walivuta pazia. Nilimsikia daktari kijana akiuliza nyuma ya pazia ni nani, na sauti ikamjibu, "Yule DT." Hata kwenye kifo hawakuongeza herufi.

Kabla ya kumsafirisha kwenda Bungoma, ushirika ulifanya ibada uani kwetu. Mama Wanjiru alileta suruali zote mbili zimefuliwa na kunyooshwa, ya kahawia imeshonwa mfuko, na viatu vimepigwa rangi ya kung'aa. Alilia kwa dhati, machozi yakamlowesha kitambaa. Alikuwa amempenda baba kama ndugu. Hilo ndilo linalonishinda mpaka leo, ningependa sana awe mtu mbaya. Kisha Baba Wanjiru akasimama kunena. Alisifu kazi ya mikono ya marehemu. Halafu akapandisha sauti: "Lakini zaidi ya yote tumshukuru Mungu, kwa maana ndugu yetu Wafula amelala bila tone la pombe mwilini mwake!"

"Amina!" ua mzima ukajibu.

Mama hakusema amina. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza muuza duka kwamba chenji haijatimia, "Ndicho kilichomuua."

Mtu mmoja alianzisha wimbo, wote wakaurukia, ukapanda mpaka juu ya mabati. Walikubaliana kwamba huzuni imempanda kichwani. Anko Oti alikuwa amesimama nje ya uzio kwa sababu hakuna aliyemkaribisha, akilia mdomo wazi, na mapengo yake yakionekana. Safari hii hakuna aliyecheka.

Zile herufi tulirudi nazo mtaani, na mtaa ukazigawana kama nyama ya harusi, kila mtu akaondoka na kipande kilichomfaa. Wanywaji walifurahi kupata kinga: mke akiuliza mbona umelewa, "Unataka nikamatwe na DT kama Wafula?" Mama pima aliwatishia nazo wateja waliotaka kuhamia kwa mwingine. Watoto walimbandika mzee mmoja mwenye mikono isiyotulia, akaitwa DT mpaka akahama. Na kanisani Baba Wanjiru alihubiri dhidi ya pepo mpya aliyeingia Baba Dogo, aitwaye DT, akamkemea kwa jina. Mimi niliyejua maana nilikaa kwenye benchi la nyuma na mama, ambaye alikuwa bado anahudhuria wakati huo. Nilimweleza kila aliyeniuliza, na hata wasioniuliza. Walinisikiliza vizuri. Kisha walisema, "Lakini angalau aliacha."

Sasa ninauza vipuri vya magari, nina duka dogo pale Kware, chini ya yale maghorofa ya kupanga ambayo jua hulazimika kuomba njia kupita. Maana ile niliyoinunua kwa herufi moja moja, leo mtoto yeyote anaigusa kwenye simu inamjia bure, pamoja na picha. Vijana wa ofisini hulitumia neno hilo kwa mzaha Jumatatu wakiumwa kichwa: "Leo nina madiiti." Sicheki, na wananiona mama asiye na ucheshi. Kuna vituo vya kurekebisha walevi vyenye mabango makubwa, vingine vyenye madaktari na vingine vyenye kufuli tu. Usiposimama ukauliza, hutavitofautisha, maana mabango yote yana picha ile ile ya njiwa.

Mwaka jana msichana mmoja wa ghorofa ya tatu, anayeniuzia maji, alikuja dukani uso unang'aa. Mumewe ameacha pombe tangu juzi. Amemfungia ndani na ufunguo uko naye. Pasta anamwombea kwa simu. "Anatetemeka, mama, kitanda chote kinatikisika! Mungu anafanya kazi." Nilifunga duka wateja wakiwa ndani. Nilimpora ule ufunguo, ndiyo, nilimpora, nikamwita kijana wa teksi, na tukamshusha yule mwanamume ngazi zote zile huku akiwafukuza nyuki ambao hatukuwaona. Pale hospitali daktari aliandika, akaeleza kwa maneno mazima, akampa dawa za kumteremsha siku baada ya siku. Alitoka akiwa mzima.

Alikaa wiki kadhaa mkavu, halafu akarudi kunywa. Mkewe haongei nami tena. Amewaambia majirani kwamba nilimtoa mumewe mikononi mwa Mungu muujiza ukiwa katikati, na wengine wamemwamini. Wauzaji wawili wa hapo hapo nje hawaniitikii salamu. Sikumlaumu. Ningekuwa na umri wake, na nyimbo zile masikioni, ningesema hivyo hivyo. Ila jioni, nikiwa navuta mlango wa duka, mumewe hupita akitoka baa, akipima upana wote wa barabara, na akiniona hunisalimu kwa sauti mtaa mzima usikie: "Mathe! Niaje!" Mkewe huwa dirishani ghorofa ya tatu, akiangalia. Namwitikia mumewe, kwa sauti ile ile.